Mgagani: Tenga Mimea ya Mbegu Mapema

Mvua ya masika inapoanza, mgagani huota wenyewe kando ya boma na mashambani, na wengi huung'oa kama magugu. Huu ni mmea wa asili wa Afrika, wa msimu mmoja, wenye maua meupe au ya waridi yanayotembelewa na nyuki. Baadhi yetu twauita saga, chinsaga, dek au tsisaka. Kuupanda bustanini si kazi ngumu. Kinachowasumbua wakazi wengi ni mbegu.

Kupanda
Mwezi wa Machi, chagua mahali penye jua pasipotuama maji. Lainisha udongo na uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Chora mistari iliyoachana sentimita 30. Mbegu ni ndogo sana, hivyo zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane, kisha zifunike kwa udongo usiozidi sentimita 1. Miche ikishika nguvu, ipunguze ibaki umbali wa sentimita 15 hivi. Ile uliyong'oa ni mboga yako ya kwanza.

Kuchuma
Baada ya wiki 4 hadi 6, anza kuchuma ncha. Ondoa vichipukizi vya maua ili mmea uendelee kutoa matawi na majani.

Kutunza mbegu
Tusichume mimea bora yote na kuachia mbegu ile dhaifu iliyowahi kuchanua, kwani mmea unaowahi kuchanua hutoa majani machache. Funga uzi kwenye mimea michache yenye majani mapana, isiyo na wadudu, na ambayo bado haijachanua wakati mingine imeanza. Hiyo usiichume, iache itoe maua.

Maganda yakigeuka manjano, yavune kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu. Yakaushe kivulini, yapure, kisha hifadhi mbegu kwenye chupa kavu yenye kifuniko na uandike tarehe.

Usipande mbegu mpya mara moja, kwa maana huwa bado imelala na huota kwa shida. Mbegu iliyovunwa Julai ipumzishe hadi mvua ya vuli, Oktoba.

Mwenye mbegu yake hahangaiki mvua inaponyesha. Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa kilimo wa wadi yako.