Foronya ya mto wa kiti na pumu ya mtoto

Ukiishi Voi, vumbi jekundu walijua. Mtoto mwenye pumu akiegemea mto wa kiti usiofuliwa, huvuta vumbi hilo pamoja na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenda unyevu kama wa Wundanyi. Basi shona foronya ya kuvuliwa.

Kwa mto wa sentimita 40, chukua kitambaa cha pamba, hata leso kuukuu. Kifue kwanza kisije kikarudi, kisha kata 43 kwa 99. Pinda ncha fupi sentimita 2. Kikunje upande mzuri ukiwa ndani, ncha zipandane sentimita 15. Shona pembeni, sentimita 1.5 kutoka ukingoni, ugeuze. Zipu ya nini?

Ifue kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Dawa ya daktari usiikatize.