Kasuku Wadogo Wanapozidi Kelele: Tuchunguze Kabla ya Kuadhibu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, baadhi ya nyumba zetu hufuga kasuku wadogo wa rangi rangi, wale ambao wauzaji huwaita lavubedi. Malalamiko tunayoyasikia kwa wafugaji ni haya: ndege alikuwa mtulivu, mara ghafla amekuwa wa kupiga kelele kutwa. Wapo wanaolipiga tundu, wapo wanaolifunika nguo tangu asubuhi, na wapo wanaomnyima chakula mpaka anyamaze. Je, hayo yanafaa? Hilo ndilo somo letu la leo.

1. NDEGE HAWA NI NANI?

Kasuku hawa wako aina 9, na asili yao ni bara la Afrika na kisiwa cha Madagascar. Aina mbili maarufu ni wa kwetu Afrika Mashariki. Mmoja ana uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, na kwao ni kusini mwa Ziwa Victoria. Wa pili ana kichwa cheusi na ukosi wa manjano, na kwao ni Tanzania ya kati na ya kaskazini mashariki. Porini huishi kwa makundi na huitana wakati wote. Kwa hiyo sauti ndiyo kamba inayowaunganisha. Kelele kidogo alfajiri na jua linapotua ni kawaida yao, wala si ugonjwa.

2. MAFUNZO YA DINI YETU

Katika Suratul An'aam, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi. Naye Abu Daud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Ja'far (R.A.) kisa cha ngamia katika bustani ya mtu wa Kiansari. Ngamia yule alipomwona Mtume (S.A.W.) alilia hata machozi yakamtoka. Mtume alimpangusa mpaka akatulia, kisha akauliza mwenyewe ni nani. Akamkumbusha kijana yule amche Allah juu ya mnyama aliyemilikishwa, kwani ameshitakia njaa na kuchoshwa.

Tuzingatie mpangilio huo: kwanza kumtuliza, kisha kuuliza, kisha kuondoa sababu. Ngamia hakulaumiwa kwa kulia. Aliyekumbushwa ni mwenye kumfuga. Sisi hatukufundishwa lugha ya ndege kama Nabii Suleiman (A.S.), basi njia yetu ni kuchunguza.

3. NI NINI KILICHOBADILIKA?

Kelele za ghafla kwa kawaida zina sababu ya ghafla. Tujiulize haya:

(a) Mahali. Je, tundu limehamishwa? Je, ndege anaona paka au kunguru dirishani? Hiyo ni sauti ya hofu.

(b) Upweke. Je, mwenziwe amekufa au ametolewa? Au mtoto aliyekuwa akicheza naye amekwenda bweni? Anaita asiyeitikiwa.

(c) Umri na uzazi. Anapokaribia mwaka mmoja huwa amepevuka. Hutafuna karatasi, hutafuta pa kujenga kiota, hulinda tundu na huwa mkali.

(d) Usingizi. Anahitaji giza na utulivu wa saa 10 hadi 12. Akiwekwa sebuleni penye taa na televisheni mpaka usiku wa manane, kesho yake atakuwa na hasira.

(e) Chakula na maji. Huenda chombo kimejaa maganda matupu ya mtama, nasi tukadhani ni chakula.

4. TUFANYE NINI?

Turudishe kilichoondolewa, au tuondoe kinachotisha. Tusimpigie kelele, maana kwake huko ni kujibiwa, naye atazidi. Tumjibu kwa sauti ya chini, na tumwendee anapotulia, ajifunze kwamba utulivu ndio unaotuleta. Tumpe vijiti vya kutafuna, tubadilishe maji kila siku, na usiku tumweke penye giza. Tusisahau haki ya jirani: tundu lisikae ukutani mwake.

Tusimwachie tu aruke tukidhani tumemkomboa. Aliyezaliwa tunduni hajui kujitafutia, na huenda akafa kwa njaa au akaliwa. Wala tusiwakamate wa porini. Sheria za wanyamapori zinakataza kufanya hivyo bila kibali.

5. UKIMYA NI HATARI ZAIDI

Ndege mgonjwa huficha udhaifu wake. Aliyezoea kelele akinyamaza, akavimbisha manyoya, akakaa chini ya tundu au akapumua huku mkia ukipanda na kushuka, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kwa jike, huenda yai limekwama. Pia mapafu yake ni dhaifu: moshi wa udi, ubani, dawa ya mbu na mvuke wa kikaango kisichoshika chakula kikipata moto kupita kiasi humdhuru, na huo wa mwisho humuua upesi. Parachichi ni sumu kwake.

KHATIMA

Ndege huyu anaweza kuishi miaka 10 hadi 15, na muda wote huo hawezi kujifungulia mlango akajitafutie. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Basi anayemnyima ndege chakula ili anyamaze aitafakari hadithi hiyo. Asiyeweza kubeba amana hii, ampe anayeiweza, au asifuge kabisa.

MASWALI

1. Taja mambo matatu aliyoyafanya Mtume (S.A.W.) kwa ngamia na mwenyewe.
2. Kwa nini kumpigia ndege kelele humzidishia kelele?
3. Kwa siku 7, andika saa ambazo ndege wa nyumbani au wa jirani hupiga kelele, na kilichotokea kabla yake. Umegundua nini?

Wabillahi tawfiq.