Trekta la Zamani: Soma Hapa Kabla Hujauza Ng'ombe

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Bwana shamba, kuna trekta linauzwa, ni la zamani ila linaunguruma vizuri, nichukue?" Wengi wanaouliza wako tayari kuuza ng'ombe ili walipate, kwa hiyo nalijibu kwa wote.

Kuunguruma si kitu. Mwambie muuzaji unataka ulikute halijawashwa. Gusa injini kwa mkono, kama ina moto rudi kesho. Likiwaka, moshi mweusi kidogo mwanzoni usikutishe, lakini moshi wa bluu usioisha maana yake linakula oili. Fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inawaka: moshi ukisukuma kwa nguvu, ringi na pistoni zimechoka. Vuta stiki ya oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, usiendelee kuongea bei. Na rangi mpya inayong'aa kwangu mimi ni sababu ya kukagua zaidi.

Kulizungusha barabarani hakutoshi. Lifunge plau uingie nalo shambani, hasa kwenye udongo mweusi wa mbuga kama wako ni huo. Hapo ndipo klachi iliyokwisha inateleza na gia mbovu inachomoka yenyewe. Nyanyua plau, zima injini. Likishuka papo hapo, haidroliki ina kazi.

Umri nao uangalie. Massey Ferguson 135 na 165 zilianza kutengenezwa 1964, yaani mengine yana umri kuliko mimi. Afadhali hayo, maana spea zake mafundi wanazijua. Valmet, yale yaliyokuwa yakiunganishwa Kibaha miaka ya 1980, kupata spea ni kazi. Ubaya wa trekta bovu ni kwamba linakufa wakati wa kazi, halifi kiangazi. Mvua zikianza, siku za kupanda mahindi zinahesabika. Trekta likikaa wiki mbili likisubiri pampu ya dizeli itengenezwe, jirani mwenye jozi mbili za maksai ameshamaliza kupanda, na wewe ng'ombe umeshauza. Kwa hiyo usimalize hela yote kwenye kununua. Bakiza ya matengenezo ya msimu wa kwanza, na kama haibaki, trekta hilo bado huliwezi.

Kadi ilinganishe na namba ya chasisi na ya injini, kisha uhakiki TRA. Kama limevuka Sirari kutoka Kenya, dai karatasi za forodha.

Sasa la uhai. Trekta lina pedali mbili za breki, kila moja ya gurudumu lake la nyuma, na kuna kipini cha kuziunganisha ukiwa barabarani. Mengi ya zamani kipini hakipo, au breki ya upande mmoja inashika kuliko ya pili. Kwenye miteremko ya Tarime, ukiwa na trela la mahindi, ukikanyaga breki linavutwa upande mmoja na kupinduka. Mengi hayana fremu ya chuma ya kumlinda dereva likipinduka. Uswidi ililazimisha fremu hiyo kwenye matrekta mapya tangu 1959. Huku kwetu bado watu wanaing'oa wapate kupita chini ya miembe! Fundi akuchomelee ya chuma imara, si bomba la maji, na dereva afunge mkanda.

Halafu shafti ya PTO, ile inayoendesha mashine ya kupukuchua mahindi. Kwa mizunguko 540 kwa dakika, inazunguka mara 9 kwa sekunde moja. Khanga ikinaswa, hakuna muda wa kuita dereva azime. Matrekta ya zamani karibu yote kava lake limeshapotea. Lifungwe kwanza, ndipo ulipe hela ya mwisho.