Ziara ya ufukweni Kigoma: Maji twahara si lazima yawe salama



Ndugu msomaji, shule zinapofungwa, au baada ya Iddi, baadhi ya madrasa za hapa Tabora hukusanya michango ili vijana waende Kigoma kutembea. Ni safari nzuri. Reli yenyewe, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa sehemu kubwa inafuata njia ya misafara ya zamani kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Vijana huiona Ujiji ya wazee wetu, hupumzika chini ya miembe, kisha siku ya pili wote hukimbilia Ziwa Tanganyika. Wengi wao hawajawahi kuona maji mengi kiasi kile.

Leo tuzungumze kuhusu siku hiyo ya ufukweni, maana nina deni nayo.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 13 mwenye homa, kikohozi kikavu, maumivu ya tumbo na vipele vya kuwasha. Nikampa dawa ya malaria bila kumpima. Siku ya nne akarudi, homa iko palepale, na damu ilipopimwa haikuwa na malaria. Ndipo nikauliza swali nililopaswa kuuliza siku ya kwanza: "Mama, mtoto huyu alisafiri wapi hivi karibuni?" Akajibu kwamba wiki tano nyuma alikwenda Kigoma na madrasa, wakashinda ziwani. Choo chake kilipopimwa baadaye yalionekana mayai ya kichocho cha tumbo. Tukawaita wenzake, na baadhi yao wakakutwa nacho, ingawa hawakuwa wakilalamika chochote.

Kichocho kinaingiaje?

Mtu mwenye kichocho akijisaidia majini au kando ya maji, mayai ya minyoo huanguliwa na wadudu wake huingia ndani ya konokono wadogo. Humo huongezeka, kisha hutoka kwa wingi, hasa jua linapokuwa kali kuelekea mchana, wakitafuta ngozi ya binadamu. Hakuna haja ya kunywa maji wala kuwa na kidonda. Kusimama ndani ya maji dakika chache kunatosha. Hatari huzidi penye majani na matete, maji yaliyotulia, na mahali vijito vinapoingia ziwani. Basi usidanganywe na weupe wa maji, kwani wadudu hao hawaonekani kwa macho.

Twahara na usalama

Hapa ndipo wengi wetu tunapojichanganya. Tulisoma madrasa kwamba maji mengi ya ziwa ni twahara, na udhu wake unasihi. Ni kweli. Lakini twahara ni hukumu ya ibada, na usalama ni jambo jingine linalohitaji kuangaliwa peke yake. Mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana Kagunga, kando ya ziwa hilihili, kipindupindu kiliwaingia na kuua watu. Maji machafu na ukosefu wa vyoo ndivyo vilivyokieneza.

Kwa hiyo maji ya kunywa na ya kusukutua yawe yaliyochemshwa au ya chupa. Kwa udhu tumieni maji ya bomba, msiingie ziwani mpaka magotini. Maji ya kuoga yaliyochotwa ziwani yachemshwe kwanza, au yakae siku mbili kwenye chombo kisafi kilichofunikwa, kisicho na konokono, kwa kuwa wadudu wa kichocho hufa muda huo wakikosa mwili wa kuingia.

Na tukumbuke kwamba Mtume (s.a.w) alikataza kukidhi haja kwenye maji, njiani na kivulini. Ndugu msomaji, anayeshika katazo hili moja hukata mnyororo wa kichocho na wa kipindupindu kwa pamoja. Kiongozi wa ziara ahakikishe choo kipo kabla ya kuchagua mahali pa kukaa.

Wanyama wa ufukweni

Waulizeni wenyeji kuhusu mamba na viboko, na neno lao lifuatwe bila ubishi. Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, basi msisimame kati yake na maji. Ziwa hili ni la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470, na sehemu nyingine hatua chache tu chini hupotea. Asiyejua kuogelea abaki nchi kavu, na kila kundi la watoto liwe na mtu mzima asiye na kazi nyingine.

Wengine huchukua boti kutoka Kibirizi kwenda Hifadhi ya Gombe, kama kilomita 16 kaskazini mwa Kigoma. Kule nyani hutembea ufukweni na wamezoea watu, kwa hiyo msile chakula nje wala msiwape kitu. Akimng'ata au kumparura mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Msisubiri dalili, kwani zikishaanza hakuna tiba.

Nasi pia tunaweza kuwadhuru wao. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walipata ugonjwa wa kupooza, polio, nao huambukizwa pia mafua yetu. Ndiyo maana watoto wa chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, na anayeruhusiwa hukaa umbali wa mita 10. Mwenye mafua abaki. Dini imetufunza kuwahurumia wanyama, na huruma hiyo ni pamoja na kutowapelekea maradhi.

Mkisharudi nyumbani

Mwalimu wa madrasa, tafadhali tunza orodha ya majina ya wote waliogusa maji ya ziwa. Baada ya wiki sita hadi nane wapelekwe wote wakapimwe choo na mkojo, hata wasioumwa. Kichocho kisichotibiwa huharibu ini taratibu kwa miaka mingi, na dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito au urefu wa mgonjwa.

Na wewe mzazi, mtoto akipata homa kabla ya siku hizo, usingoje mganga akuulize kama nilivyochelewa mimi. Mwambie mwenyewe mlangoni: "Huyu alikuwa ziwani."

Wabillahi tawfiq.