Usishuke Kisimani: Kazi za Nyumba Kabla ya Masika

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakazi wa Dar es Salaam na Pwani, toleo la kiangazi



Kaskazi inavuma, jua la Januari na Februari linachoma bati, na masika hayako mbali. Hii ndiyo miezi ya kukarabati nyumba. Ikifika katikati ya Machi fundi hapatikani, na akipatikana bei yake imeshapanda pamoja na mawingu. Wenzetu wa Dodoma, Mbeya na mikoa mingine yenye msimu mmoja wa mvua wasifuate kalenda hii. Kiangazi chao kinaanza Juni. Lakini onyo kuhusu visima, yaani matangi ya zege ya maji yaliyochimbiwa ardhini, linawahusu wao pia, mwaka mzima.

Kilichotusukuma kuandika ni malalamiko. Wapangaji wanalalamika kuwa maji ya bomba la uani yana viluwiluwi. Wenye nyumba wanalalamika kuwa kusafisha kisima kumekuwa ghali tangu mafundi wa kazi hiyo walipotakiwa kujiandikisha. "Kwa nini nimlipe mtu mwenye karatasi wakati kuna kijana hapa mtaani anashuka kwa hela ya chakula cha mchana?" Swali hilo tumeulizwa mno. Jibu letu ni fupi: kijana huyo anaweza asipande tena.

USISHUKE KISIMANI. Usimshushe mtu kisimani. Tutalirudia hili hadi ukurasa wa mwisho, na atakayechoka kulisoma atuvumilie.

Mbu ndiye aliyetufikisha hapa

Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengue, ukiwamo wa 2014 na ule wa 2019. Mbu anayeieneza, aedesi, anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakimtoshi. Hapendi dimbwi la matope. Anapenda maji yaliyotulia ya nyumbani kwako: simtanki lisilo na mfuniko, pipa, tairi, sahani iliyo chini ya chungu cha maua, kisima chenye mfuniko uliopasuka.

Hutaga mayai ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi, yakingoja maji yapande. Ndiyo maana kumwaga maji hakutoshi. Lazima ukuta usuguliwe. Tulilisema hilo kwenye mabango, kwenye gari la matangazo na kwenye mikutano ya mitaa, na tunajivunia kwamba wananchi waliitikia. Hakuna msimu ambao brashi zimenunuliwa kama huu uliopita.

Tatizo ni kwamba wengi walisikia nusu ya maneno yetu. Walisikia "sugua ukuta", hawakusikia "ukiwa nje".

Namna mtu anavyofia kwenye maji ya kifundo cha mguu

Tazama kazi inavyokwenda kwa kawaida. Maji yamevutwa hadi yamebaki kiasi cha kifundo cha mguu, na pampu ya juu haiyavuti tena. Kijana anavua shati, anateremka kwa ngazi ya mbao na ndoo yake. Tope ni jingi, ndoo zinapanda polepole, bosi ana haraka. Mtu anapata wazo: tushushe pampu ya petroli humo humo ndani. Inanguruma vizuri. Baada ya dakika chache kijana analalamika kichwa kinamgonga. Anaambiwa amalizie kidogo tu. Kisha hajibu tena.

Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kwenye uwazi inatawanyika. Kwenye shimo la zege lenye mdomo wa sentimita 60 inajaa kwa dakika chache. Anayeivuta haoni dalili ya kumtisha. Anaona uchovu, kizunguzungu, na miguu inakataa.

Usidhani basi kwamba bila injini uko salama. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ikishuka chini ya 10, mtu anazimia upesi, mara nyingi kabla hajatambua kuna tatizo. Na kisima kilichofungwa muda mrefu kinaila oksijeni yake chenyewe. Majani na utando unaooza vinaitumia. Kutu ya vyuma inaitumia. Kisima kipya nacho ni hatari, hasa pale fundi alipoacha mirunda na mbao za kumwagia zege ndani. Mbao mbichi zikiozea kwenye unyevu humaliza hewa huku maji yakionekana meupe pe.

Halafu kuna jirani wa kisima, yaani shimo la choo. Kwenye viwanja vyetu vya mjini viwili hivi hutenganishwa na hatua chache tu, na gesi ya choo inaweza kupenya kwenye udongo na nyufa. Gesi hiyo inanuka yai viza ikiwa kidogo. Ikizidi, inaua pua kwanza: harufu inapotea, na mtu anasema "afadhali, imeisha". Haijaisha.

Wapo wanaoteremsha koroboi au mshumaa, wakisema moto ukiwaka hewa ipo. Tunawaheshimu wazee, lakini kipimo hiki kiachwe leo. Moto hauijui kaboni monoksaidi, na kama kuna gesi ya choo iwakayo, mshumaa wako ndio utakaoilipua. Kuacha mfuniko wazi usiku kucha nako hakutoshi, maana baadhi ya gesi hizi ni nzito kuliko hewa na hubaki zimelala chini pale pale. Kumfunga mtu kamba kiunoni si ruhusa ya kushuka. Kubana pumzi si ruhusa ya kushuka.

USISHUKE KISIMANI.

Mtu wa pili

Hapa ndipo tunapoogopa zaidi, kwa sababu hapa ujinga hauhusiki. Kinachoua ni upendo. Mtu ameanguka chini, anaonekana, yuko mita mbili au tatu tu kutoka mkono wako. Kaka yake anaruka. Baba anafuata. Jirani anafuata. Msiba wa mmoja unageuka kuwa wa nyumba nzima, kwa kuwa hewa iliyomwangusha wa kwanza haijabadilika na inamsubiri wa pili. Mwili uliolegea haupandi ngazi, na hata mwenye nguvu hawezi kuupitisha kwenye mdomo mwembamba akiwa yeye mwenyewe hana pumzi.

Akianguka mtu kisimani, usimfuate. Zima injini yoyote iliyo karibu. Piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, useme wazi: "mtu amezimia ndani ya kisima". Watakuja na mitungi ya hewa badala ya ngazi pekee. Kama alikuwa amefungwa kamba, mvuteni kutoka nje. Kama mna feni au kipulizia, elekezeni hewa safi ndani bila mtu kuingia. Kisha mmoja wenu asimame mlangoni awazuie ndugu, kwa nguvu ikibidi. Tunajua tunachokuombeni ni kigumu. Tunawaomba hivyo hivyo.

Kusafisha ukiwa juu

Anza asubuhi, watoto wakiwa mbali na mdomo wa kisima. Maji yaliyopo yatumieni kwanza. Panga kazi siku ambayo kisima kimekaribia kwisha, usije ukamwaga lita 5,000 huku mtaa mzima unangoja mgawo. Pampu ikae nje, bomba la kuvutia ndilo liingie. Ukitumia pampu ya umeme ya kuzama, ishushwe kwa kamba na isiwashwe mtu akiwa ameshika maji.

Funga brashi ngumu kwenye mrunda mrefu, sugua kuta zote, na ukazie pale ulipo mstari wa maji, maana hapo ndipo mayai yalipo. Mwagia maji, vuta tope kwa bomba, rudia. Tope kidogo litabaki pembeni. Liache. Tope la pembeni halijawahi kuua mtu, kulifuata ndiko kunakoua.

Ukitaka kuua vijidudu, klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70 inatosha gramu 75 hivi kwa kila lita 1,000. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo, ukitia unga kwenye maji na si maji kwenye unga, uwanjani, uso ukiwa umeuepusha. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Acha usiku mzima. Maji hayo si ya kunywa wala kupikia: yamwage, suuza, jaza upya.

Simtanki la juu ya mnara lisafishwe kwa njia hiyo hiyo. Kuingiza kichwa na mabega ndani yake ni kushuka kisimani kwa jina jingine.

Kukiwa na ufa wa kuziba na hakuna budi mtu aingie, anayeingia ni fundi mwenye kipimo cha gesi, feni ya kupuliza hewa, mikanda ya mwili mzima iliyounganishwa na kapi juu ya mdomo wa kisima, na mwenzake aliyesimama nje asiyeondoka hata kupokea simu. Kikikosekana kimoja, kazi haifanyiki siku hiyo.

Kazi nyinginezo

Bati likaguliwe saa moja hadi saa tatu asubuhi kabla halijawaka: mipira ya misumari iliyokauka ndiyo hufungua njia ya maji. Gata zizolewe majani. Matawi ya mwembe yanayogusa nyaya za umeme yasikatwe na wewe. Toa taarifa TANESCO. Feni, friji na pasi zisikae kwenye ekstensheni moja, na soketi inayopata moto izimwe na iitiwe fundi. Mchwa watafutwe sasa kwenye fremu za milango. Mtaro wa mbele ya nyumba ni wa maji ya mvua, na anayengoja masika afungulie choo chake humo tunamjua, na jirani zake wanamjua.

Kuhusu kujiandikisha

Fundi wa kusafisha visima hujiandikisha kwa mtendaji wa kata. Kuandikishwa hakulipiwi, anayekudai pesa mtaje. Masharti kuhusu mafundi wanaotoka kata nyingine, vikundi vya vijana, visima vya taasisi na msamaha kwa wazee yamebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, na mpangaji asome mkataba wake ajue gharama ni ya nani. Wanaosema utaratibu huu ni mradi wa watu wa ofisini wanakaribishwa waje waulize. Mlango uko wazi, na tumewahudumia wengi wakaondoka wameridhika.

Kazi ikiisha, rudisha mfuniko mzima usiopitisha mbu, utie kufuli, na ufunguo akae nao mtu mzima mmoja anayejulikana na wote nyumbani. Upande wa juu wa mfuniko andika kwa rangi: USISHUKE. PIGA 114.