SOMO LA WIKI: Mwombaji kazi ajue bei ya soko kabla ya usaili

Tuchukue mfano wa kijana mwenye stashahada ya uhasibu, aliyeitwa kwenye usaili wa ukarani katika duka la jumla Kariakoo. Anaulizwa anataka mshahara gani. Anajibu: milioni mbili na gari. Usaili unaishia hapo, ingawa vyeti vyake ni vizuri.

Kutaka fedha nyingi si kosa. Alichokosea ni kutaja bei bila kulijua soko, jambo ambalo muuza mchele hawezi kulifanya.

Hesabu ianzie kwenye makato. Kwa viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2021, mshahara wa Sh. 500,000 hukatwa kwanza Sh. 50,000 za NSSF. Katika Sh. 450,000 zinazobaki, Sh. 270,000 hazitozwi kodi, Sh. 180,000 zilizozidi hutozwa asilimia 8, yaani Sh. 14,400. Mkononi hufika Sh. 435,600. Mwajiri naye huchangia NSSF Sh. 50,000, hivyo karani huyo humgharimu si chini ya Sh. 550,000 kwa mwezi.

Mwombaji aliyejiandaa huulizia mapema wenye kazi kama hiyo wanalipwa kiasi gani. Siku ya usaili huwahi, akiwa nadhifu na vyeti halisi mkononi. Akiulizwa mshahara, hutaja kiwango cha chini na cha juu, kisha hueleza atakachofanya: kufunga hesabu kila jioni, kufuatilia wadaiwa, kuhesabu mali ghalani. Hapo mwajiri hupata cha kupima, na mshahara hujadilika.