Kiingereza cha Biashara: Maneno ya Kueleza Wateja na Mwenendo wa Mauzo

Wafanyabiashara wengi wadogo wanajua maduka yao nje ndani. Wanajua mwezi wa pesa na mwezi wa ukame, mteja anayerudi na mteja aliyehamia kwa jirani. Taabu huanza wanapotakiwa kueleza mambo hayo kwa Kiingereza, iwe ni kwenye fomu ya mkopo, mbele ya afisa wa benki au katika barua ya kuomba zabuni. Neno moja likikosewa, biashara nzuri huonekana dhaifu, au ushuru hulipwa kwa hesabu isiyo sahihi.

Somo hili linaeleza maneno ambayo mfanyabiashara hukutana nayo mara kwa mara. Mfano utakaotumika ni wa duka la sare za shule. Hesabu zake ni za kufundishia tu:

Desemba: shilingi 60,000
Januari: shilingi 180,000
Februari: shilingi 90,000
Machi: shilingi 88,000
Aprili: shilingi 92,000

Kutoka daftari hadi data

"Data" ni taarifa zilizokusanywa na kuwekwa kwa utaratibu. Daftari la mauzo ni data. Taarifa ya malipo ya M-Pesa pia ni data, na kila malipo yaliyoorodheshwa humo huitwa "transaction", yaani muamala. Anayesema "I keep sales records" amesema kwamba anaweka rekodi za mauzo. Sentensi hiyo fupi humpa afisa wa mikopo imani, mradi rekodi zenyewe zipo.

"Trend" ni mwenendo: jinsi hesabu zinavyoelekea kwa kipindi fulani. Mwezi mmoja hauwezi kuwa "trend". Inahitajika miezi kadhaa ndipo mwelekeo uonekane.

Kupanda, kushuka na kutulia

Mauzo yakipanda, Kiingereza husema "sales rose" au "sales increased". Yakishuka, ni "sales fell" au "sales decreased". Kasi huelezwa kwa neno la ziada. "Sharply" ni kwa ghafla na kwa kiasi kikubwa; "slightly" ni kidogo; "steadily" ni polepole bila kuyumba. "Sales fluctuated" maana yake ni kwamba mauzo yalipanda na kushuka bila mpangilio.

Mwenye duka letu la sare angeweza kusema hivi:

"Sales rose sharply in January." Mauzo yalipanda ghafla mwezi wa Januari.

"Sales peaked in January at 180,000 shillings." Mauzo yalifika kilele Januari, yakawa shilingi 180,000.

"Sales fell by half in February." Mauzo yalipungua kwa nusu Februari.

"Sales have been stable since February." Mauzo yametulia tangu Februari.

Afisa asiyejua biashara ya sare anaweza kushtuka akiona Februari imeshuka hivyo. Hapo ndipo neno "seasonal" husaidia. "Our sales are seasonal" ni kusema kwamba mauzo hufuata msimu: shule hufunguliwa Januari na wazazi hununua sare kwa pamoja. Kwa biashara ya namna hii, ulinganisho wa haki ni Januari ya mwaka huu na Januari ya mwaka jana. Ulinganisho huo huitwa "year on year". Kulinganisha mwezi na mwezi uliotangulia huitwa "month on month".

"By" na "to": maneno madogo, tofauti kubwa

Hapa ndipo wengi hujikwaa. "By" hutaja kiasi kilichoongezeka au kupungua. "To" hutaja kiwango kilichofikiwa. Kutoka Desemba hadi Januari, sentensi sahihi ni:

"Sales rose by 120,000 shillings to 180,000 shillings."

Yaani mauzo yaliongezeka kwa shilingi 120,000 yakafika 180,000. Anayesema "sales rose to 120,000" amejipunguzia shilingi 60,000 kwa ulimi wake mwenyewe. Anayesema "sales rose by 180,000" amedai kwamba mauzo yalifika 240,000, na taarifa ya M-Pesa ikikaguliwa ataonekana mwongo ilhali hakukusudia kudanganya.

"Turnover" si faida

Fomu nyingi huuliza: "What is your monthly turnover?" Kwa biashara, "turnover" ni pesa zote za mauzo kabla ya kutoa gharama yoyote. "Profit" ni faida, yaani kinachobaki baada ya gharama kutolewa.

Tuseme katika Januari ile mwenye duka alinunua vitambaa vya shilingi 110,000, kisha akalipa kodi ya chumba na mafundi shilingi 35,000. "Turnover" yake ni 180,000. "Profit" yake ni 35,000. Akiandika 35,000 mahali palipoulizwa "turnover", biashara yake itapimwa kana kwamba ni ndogo mara 5 kuliko ilivyo.

Kwa upande wa ushuru, kosa hilo hilo huleta deni. Ushuru unaoitwa "turnover tax" hutozwa kwa mauzo ghafi, hautozwi kwa faida. Sheria ya Fedha ya 2023 iliuweka kuwa asilimia 3 kwa biashara ambazo mauzo yake ya mwaka yanazidi shilingi milioni 1 lakini hayazidi milioni 25. Ushuru wa mwezi huwasilishwa kwa KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Iwapo duka letu limo katika kundi hilo, Januari litalipa asilimia 3 ya 180,000, ambayo ni shilingi 5,400. Anayedhani "turnover" ni faida atapiga hesabu kwa 35,000 na kulipa 1,050. Tofauti ya shilingi 4,350 itabaki kuwa deni, na deni la ushuru huongezewa adhabu na riba.

Maneno mengine mawili huandamana na haya. "Gross" ni kiasi ghafi kabla ya makato. "Net" ni kiasi kinachobaki baada ya makato.

Wateja wanaorudi

"Repeat customer" ni mteja aliyenunua zaidi ya mara moja. "Walk-in customer" ni anayeingia dukani bila miadi wala agizo la mapema. "Average" ni wastani: mauzo ya Januari ya 180,000 yakigawanywa kwa wateja 200 hutoa wastani wa shilingi 900 kwa mteja. Kwa Kiingereza: "The average spend per customer was 900 shillings."

Tahadhari inahitajika kwenye asilimia. Chukulia kwamba kati ya wateja 200 wa Januari, 40 walikuwa wa kurudi. Hiyo ni asilimia 20. Aprili wateja walikuwa 100, na 30 kati yao walikuwa wa kurudi. Hiyo ni asilimia 30. Mtu anaweza kusema kwa furaha kwamba wateja wa kurudi wameongezeka. Sivyo. Idadi yao imeshuka kutoka 40 hadi 30. Kilichoongezeka ni sehemu yao katika jumla, ambayo kwa Kiingereza huitwa "share" au "proportion". Sentensi ya kweli hutaja yote mawili:

"The share of repeat customers rose from 20 percent to 30 percent, but their number fell from 40 to 30."

Kila anayepewa ripoti yenye asilimia tupu ana haki ya kuuliza: "Percent of what?" Asilimia ya nini?

Nambari ya simu ya mteja inalindwa na sheria

Jina la mteja, nambari yake ya simu na mahali anapoishi huitwa "personal data", yaani data binafsi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasimamia jinsi taarifa hizo zinavyokusanywa na kutumiwa, na msimamizi wake ni Ofisi ya Kamishna wa Data.

Neno la kushika hapa ni "consent", yaani ridhaa. Mteja aliyelipa kwa simu alitoa nambari yake ili alipie sare. Kumtumia matangazo kila wiki ni jambo jingine, na ridhaa yake inahitajika kwanza. Anaweza kuulizwa hivi: "May we send you messages about new stock?" Akikataa, au akikubali kisha akabadili nia, nambari yake iondolewe kwenye orodha. Kujiondoa huko huitwa "opt out".

Duka kuwa dogo si sababu ya kupuuza sheria hii. Daftari la madeni lenye majina na nambari za simu likiachwa wazi juu ya meza, siri za wateja huwa zimeachwa wazi nalo.

Zoezi

Muuzaji wa maji aliuza chupa 400 mwezi wa Juni na chupa 500 mwezi wa Julai. Jaza pengo.

1. Sales rose ___ 100 bottles.
2. Sales rose ___ 500 bottles.
3. Sales rose by ___ percent.
4. All the money from sales, before costs, is called ___.
5. We send messages only with the customer's ___.

Majibu: 1. by. 2. to. 3. 25. 4. turnover. 5. consent.

Aliyekosa swali la kwanza au la pili arudie sehemu ya "by" na "to", kisha aandike sentensi mbili kuhusu mauzo yake mwenyewe ya mwezi uliopita. Na yeyote anayejaza fomu asiyoielewa aulize maana ya neno kabla ya kutia sahihi. Kuuliza si aibu; sahihi ikishawekwa, kurekebisha huwa kazi.